Injini ya 5A inakula oili: naweza kuifungua mwenyewe nyumbani?

*«Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, giaboksi ya kawaida. Inakula oili lita 1 kila kilomita 600 hivi. Asubuhi ikiwaka hutoa moshi wa bluu kidogo, kisha unakata. Lakini nikiteremka mlima wa Kitonga, nikifika chini nikakanyaga mafuta, nyuma hapaonekani kwa moshi. Haigongi, haichemshi, taa ya oili haiwaki. Fundi wa kwanza kasema ringi zimekwisha. Wa pili kasema niitupe, ninunue injini ya mtumba kutoka Japani. Nina banda nyumbani hapa Iringa, nina spana na soketi, na nafasi ya jioni na wikiendi. Nataka kuifungua na kuifanyia oveholi mwenyewe. Watu wananitisha kwamba injini ikishafunguliwa hairudi ilivyokuwa. Nimeshaulizia ringi za ovasaizi 0.50 ili zibane zaidi. Nianzie wapi?»*

Tuanze na hizo ringi za 0.50, maana pesa yake bado unayo: usizinunue. Ringi ni pete ya chuma inayoizunguka pistoni; ya ovasaizi hutengenezwa kwa silinda iliyochongwa ikaongezwa milimita 0.50 na kuwekewa pistoni ya kipimo hicho hicho. Silinda ya 5A ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 78.7. Ukilazimisha ringi ya 79.2 humo, ncha zake zitagongana. Ukizipiga tupa mpaka ziingie, ringi haitakaa duara tena. Itagusa ukuta hapa na pale na kuacha mianya kwingine. Injini itakula oili kuliko sasa na ukuta wa silinda utachanika. Ringi hazichaguliwi mpaka silinda ipimwe.

Wanaokutisha wana hoja, ila wanaiweka pabaya. Kufunguliwa hakuharibu injini. Huharibika kwa mambo yanayofanyika ikiwa wazi: vipande vilivyozoeana kuchanganywa, mchanga kuingia, bolti kubanwa kwa kukisia, na spea mpya kufungwa bila kitu chochote kupimwa. Yote hayo yako ndani ya uwezo wako, na mtu asiye na haraka mara nyingi huyaepuka vizuri kuliko karakana yenye foleni ya magari mlangoni.

Injini yenyewe pia inakufaa. Bloku ya 5A, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo inachongeka bila shida. Injini nyingi za baadaye, kama 1NZ, zina bloku ya alumini yenye slivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba za chuma, na kuzichonga ni jambo jingine kabisa. Tena 5A inatumia mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa pistoni na wa valvu, na mkanda ukikatika au ukifungwa vibaya, pistoni hazigongi valvu. Kosa la taiming litakupotezea muda bila kukuharibia valvu 16.

Sasa moshi wako. Unapoteremka gia ikiwa imeshika na mguu umetoka kwenye mafuta, njia ya hewa inafungwa huku pistoni zikiendelea kuvuta. Ndani ya manifodi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, unatokea mvuto mkali, nao hunyonya oili popote penye upenyo. Upenyo wa kwanza ni shina la valvu: sili zake za mpira zikikauka, oili hushuka kando ya shina mpaka ndani ya silinda. Upenyo wa pili ni ringi. Oili hujikusanya humo muda wote wa mteremko, na ukikanyaga inaungua kwa pamoja. Moshi wa asubuhi unaokata baada ya muda mfupi ni dalili ya sili za valvu, kwa sababu oili iliyokaa juu ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu) usiku kucha imechuruzika taratibu. Ringi zilizoisha hutoa moshi zaidi injini ikiwa na mzigo, yaani unapopanda. Hilo hukulitaja, kwa hiyo safari ijayo mwombe mtu akufuate nyuma mlimani akuangalie.

Kabla ya kulegeza bolti yoyote, fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni rahisi: kuna valvu ndogo ya kupumulia kwenye mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda manifodi ya hewa. Ichomoe, itikise. Isipolia ndani, imeziba. Gesi zinazovuja chini ya pistoni zikikosa njia ya kutoka, zinasukuma oili kila upande, na kuna injini zilizowahi kufunguliwa kwa ajili ya kosa hilo tu.

Cha pili ni kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaijenga ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zimetolewa, umeme wa plagi na wa nozeli umekatwa, betri imejaa, na msaidizi akanyage mafuta mpaka mwisho wakati starta inazungusha. Silinda yenye afya ya injini hizi husoma karibu psi 190. Chini ya psi 140 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Iliyo chini iongezee kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda ndio unaovuja. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi.

Watu wengi hudanganywa na kipimo hiki kwenye jambo moja. Kila pistoni ina ringi mbili za kompresheni na chini yake ringi ya oili. Ringi ya oili inaweza kuganda kwenye mfereji wake kwa masizi, matundu yake yote yakaziba, huku zile mbili za juu zikiwa bado zinabana sawasawa. Kompresheni itasoma vizuri kabisa na injini itaendelea kunywa oili. Kwa hiyo namba nzuri haziitoi hatiani ringi ya oili. Lita 1 kwa kilomita 600 ni nyingi mno kuwa sili za valvu peke yake; kwa dalili ulizozieleza, ningetegemea kukuta sili zilizokauka pamoja na ringi za oili zilizoganda. Kompresheni ikiwa nzuri na huna haraka, sili hubadilishwa bila kung'oa hedi: unajaza kamba safi ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, unazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni iibane kamba ishikilie valvu, kisha unafungua springi. Ni kazi ya kuanzia ya gharama ndogo. Ila kama nia yako ni oveholi, itafanyika humo humo.

Ukishaamua, osha injini kwa nje kwanza, gari likiwa zima. Vumbi la Iringa lililokaa pembeni ya hedi ndilo litakaloangukia kwenye silinda siku utakapoinyanyua. Chomoa rilei ya pampu ya mafuta, acha injini iungurume mpaka izime ili presha iishe kwenye bomba, kisha toa kituo hasi cha betri. Mwaga maji na oili. Filta ya oili ikate kwa msumeno, kunjua karatasi yake kwenye mwanga: vumbi la chuma linalonaswa na sumaku, au vipande vinavyong'aa kama shaba, vinakuambia mapema kwamba beringi au kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ina matatizo. Kompresa ya AC ifungue bolti zake tu, uifunge pembeni na mabomba yake, usifungue gesi.

Bolti ya puli ya kranki ilegeze gari likiwa bado zima, gia ya tano imeingia na mtu amekanyaga breki. Injini ikishatoka utahangaika nayo. Piga picha kila soketi ya umeme na kila mpira, andika kwenye utepe wa karatasi pande zote mbili. Distribuita ikwaruze alama kati yake na hedi kabla ya kuitoa.

Kuhusu kunyanyua, sitakubali njia ya mkato. Cheni bloku (winchi ya mnyororo) isifungwe kwenye mbao za paa la banda wala kwenye tawi la mti. Azima au kodi stendi ya chuma ya kunyanyulia. Na usiingize mwili wala mkono chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde moja kuokota nati. Ikishashuka na huna stendi ya injini, tairi kuukuu lililolazwa linaishikilia bloku vizuri.

Hedi ndipo wanapoharibu wengi, kwenye kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu. 5A ina kemshafti mbili. Mkanda unazungusha moja, na hiyo inazungusha ya pili kwa gia. Moja ya gia hizo ni mbili zilizobanana zenye springi katikati, ili meno yasicheze wala kulia. Kabla ya kutoa kemshafti yenye gia hiyo, izungushe mpaka tundu dogo la gia lionekane juu, ingiza bolti ya milimita 6 yenye nyuzi za 1.0 na urefu wa milimita 16 hadi 20, ukafungie gia mbili pamoja. Usipofanya hivyo, springi itaachia, gia zitapishana, na kuirudisha ni mateso. Baada ya hapo legeza vifuniko vya kemshafti kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, ukianzia nje kuja katikati, kemshafti ikipanda ikiwa imelala sawa. Nafasi yake ya kwenda mbele na nyuma ni ndogo mno. Ikiinuka upande mmoja, inakandamiza kingo za alumini na inaweza kupasua hedi au kemshafti yenyewe. Ukiona imepinda, achana na wazo la kuivuta: rudisha kifuniko cha katikati, uibane isawazike, uanze upya.

Bolti za hedi ni 10, na hedi iwe ya baridi kabisa. Zilegeze kutoka nje kuja katikati kwa awamu tatu. Ukitoa moja mpaka mwisho huku nyingine zimebana, hedi inapinda. Urefu wake haufanani, kwa hiyo chora umbo la hedi kwenye kipande cha katoni, kitoboe, na kila bolti ichomekwe mahali pake. Kwa vikombe vya valvu, shimu zake (visahani vya kurekebisha mwanya wa valvu), springi na valvu zenyewe, trei za mayai zinafaa kuliko chombo chochote cha dukani: andika namba ya silinda na upande, na kila kitu kikae kwenye shimo lake. Valvu imezoea siti yake, na shimu iliyo juu ya kikombe ilichaguliwa kwa unene wa sehemu ile. Ukichanganya, utapima upya zote 16.

Usioshe kitu bado. Geuza hedi, tazama migongo ya valvu za hewa. Masizi mazito yenye unyevu wa oili yanathibitisha sili au gaidi za valvu (mirija inayoongoza shina la valvu). Mgongo mkavu wenye pistoni iliyolowa oili pembezoni unaelekeza kwenye ringi. Gasketi ya hedi iangalie kama ina njia nyeusi kati ya silinda na silinda, au kati ya silinda na tundu la maji. Ushahidi huu ukishaingia kwenye ndoo ya mafuta ya taa, haurudi.

Chini, ukishatoa sampu (bakuli la oili), weka alama za nukta au rangi kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na kifuniko chake, 1 hadi 4 kuanzia upande wa mkanda. Vifuniko hivi vilichongwa pamoja na konrodi yake; kikihamia kwa jirani, tundu halikai duara na beringi inaungua. Papasa kwa ukucha juu kabisa ya silinda, pale ringi inapoishia. Kama ni masizi, yakwangue. Kama ni ngazi ya chuma halisi, usisukume pistoni mpaka ngazi iondolewe, la sivyo utavunja kingo za mifereji ya ringi. Bolti za konrodi zivishe vipande vya mpira wa petroli ili zisikwaruze kranki, kisha sukuma pistoni juu kwa mpini wa nyundo.

Kabla ya kutoa kranki, isukume mbele na nyuma kwa bisibisi, upime mwanya kwenye beringi ya katikati kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Usizidi milimita 0.30. Hapo zimo wosha nusu duara zinazozuia kranki kutembea. Kumbuka mifereji yake ya oili hutazama nje. Beringi zote zipange kwa mpangilio. Rangi ya kijivu iliyotulia ni nzuri. Shaba ikionekana, imekwisha. Mikwaruzo mirefu ni uchafu uliopita na oili. Kranki ipitishie ukucha: ukikwama kwenye mkwaruzo, kranki inahitaji kusagwa na beringi za andasaizi (za kranki iliyopunguzwa), usipokwama, kung'arishwa na beringi za kawaida kunatosha.

Silinda hupimwa karibu na juu, katikati na karibu na chini, na kila kimo mara mbili: kufuata kranki na kuikata. Kama huna boro geji (kipimo cha kipenyo cha ndani cha silinda), ringi yenyewe inakupa jibu. Chukua ringi ya juu, iingize silindani, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, pima mwanya wa ncha zake. Fanya hivyo pale juu ringi zinapofanyia kazi, kisha chini kabisa ambako hazifiki. Gawa tofauti ya mianya hiyo kwa 3.14, utapata silinda imetanuka kiasi gani. Mwanya ukitofautiana kwa milimita 0.31, silinda imeliwa 0.10. Njia hii haioni silinda iliyokwenda mviringo wa yai, kwa hiyo ni ya kukupa picha. Uamuzi wa mwisho ufanywe kwa geji.

Chini ya 0.05, ringi mpya za kipimo cha kawaida, kukwaruza ukuta kwa mawe ya honi na beringi mpya vinatosha, na kwa injini isiyogonga kama yako hilo linawezekana kabisa. Kati ya 0.05 na 0.10, ringi mpya zitasaidia, lakini si kwa umri mrefu. Kuanzia hapo kwenda juu, au kukiwa na mikwaruzo inayokamata ukucha, ningechonga silinda zote nne kwenda 0.50. Nunua pistoni kwanza, zipeleke pamoja na bloku, kila silinda ichongwe kwa kipimo cha pistoni yake kama karatasi ya mtengenezaji inavyotaka. Mchongaji atakayekubali kuchonga bila kuziona pistoni, mwache. Na akupe vipimo vya kila silinda kwa maandishi.

Injini ya mtumba ina haki ya kufikiriwa pale bloku ikiwa na ufa, kranki ikiwa imeliwa vibaya, au hedi ikiwa imepasuka kati ya siti za valvu. Faida yake ni kasi. Hasara ni kwamba 5A yoyote utakayoipata ina zaidi ya miaka 20, huijui ilikotoka, na sili zake zina ukavu ule ule unaokusumbua leo. Ukienda huko, usilipe kabla ya kupima kompresheni na kuchungulia chini ya kifuniko cha oili: tope jeusi ni sababu ya kuondoka. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuibadili kunahitaji kufuatiliwa TRA pia.

Kuna kazi ambazo banda halitoshi, hata mtu awe hodari vipi: kuchonga silinda, kusaga kranki, kubadili gaidi za valvu, kupima hedi kwa presha, na kusawazisha uso wa hedi ikiwa rula ya chuma na fila geji zinaonyesha imepinda zaidi ya milimita 0.05. Mpigie fundi aje pia bolti ikikatikia ndani ya bloku. Kabla ya kutoboa, kwa sababu tundu likishakwenda upande, gharama yake ni nyingine.

Katika kuosha, alumini na magadi makali ya kuoshea mafuta haviendi pamoja: hedi na pistoni zitaliwa. Tumia mafuta ya taa na brashi, mbali na moto. Usisafishe nyuso za gasketi kwa brashi ya waya wala diski ya kusugulia kwenye drili. Punje zake hujificha kwenye njia za oili na kuua beringi mpya siku ya kwanza. Silinda zilizopitishwa mawe zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, kwa brashi, kwa sababu mafuta ya taa hayatoi unga wa mawe uliokaa kwenye mikwaruzo. Kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudia kuosha. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, maana chuma kitupu huota kutu ndani ya usiku mmoja, na uifunike bloku kwa mfuko wa plastiki mpaka spea zifike.